Sauti Iliyonitangulia Urambo

Jumatatu. Dar es Salaam hadi Dodoma

Nimechukua likizo. Miaka minne sijapumzika zaidi ya siku tatu mfululizo, na mwaka huu nimeamua kwenda kwa reli hadi Kigoma, nifike Ujiji, alikozaliwa mama yangu. Kwenye begi nina shuka, mswaki, nguo za kubadili na redio ya National ya marehemu baba, yenye kava la ngozi lililofumuka mishono. Betri mpya nimenunua Kariakoo. Baba hakuwa mwepesi wa kununua betri. Zikianza kuchoka alizianika juani juu ya bati tangu asubuhi, na jioni zilimtosha taarifa ya habari nzima, siku nyingine mpaka salamu za wasikilizaji.

Tangu treni ya umeme ianze kubeba abiria hadi Dodoma mwaka 2024 nimesoma habari zake hewani mara nyingi, lakini leo ndiyo mara yangu ya kwanza kuipanda. Inakimbia kilomita 160 kwa saa na chai haimwagiki. Nilitegesha redio ya baba dirishani nikawa nafuatilia kituo chetu. Kuelekea Morogoro masafa yakapotea, nikayatafuta mengine. Baada ya Kilosa tukaanza kuingia kwenye mahandaki, redio ikawa inazimika na kurudi, inazimika na kurudi.

Behewa zima halikuwa na redio nyingine. Kila mtu alikuwa na simu yake na visikilizio vyake. Mwalimu wangu wa kwanza wa utangazaji, mzee aliyetokea Radio Tanzania Dar es Salaam, RTD, alinifundisha kwamba nikikaa mbele ya kipaza sauti nisiwaze watu elfu. Nimwaze mtu mmoja, ameketi barazani kwake, ananisikiliza. Miaka 22 nimemwaza baba. Leo nimeutazama ule mstari wa vichwa vilivyoinamia simu nikajiuliza mtu wangu mmoja yuko wapi siku hizi.

Jumanne. Dodoma

Mchana sina la kusimulia. Jioni nimepanda treni ya zamani, ile ya reli ya kati, daraja la pili, chumba cha vitanda sita. Ndani nilimkuta mzee mwembamba mwenye kofia ya kufuma, amekumbatia kikapu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu."

"Naomba nipitishe begi hili chini ya kitanda."

Hakusogea. Alikuwa ananitazama mdomo. "Hebu sema tena."

"Naomba nipitishe begi."

"Wewe ndiye wa saa mbili usiku," akasema. Halikuwa swali.

Wenzetu wawili wakageuka. Ilibidi nikiri. Mzee akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akanieleza kwamba anatoka kumwona binti yake Dodoma na sasa anarudi kwake Urambo, na kwamba nyumbani taarifa yangu ndiyo saa yake ya ukutani: nikimaliza, anafunga mlango. Nilijisikia kama niliyekutana na mtu niliyekuwa nikimwandikia barua tangu ujana. Nikajiambia, kumbe yupo.

Tulikuwa tumeshapita Bahi, giza limeingia, aliponiuliza kwa sauti ya chini, kama mtu anayemuuliza daktari asisikiwe na wengine: "Ile dawa yako, chupa mbili nimemaliza. Niongeze ya tatu, au zinatosha?"

"Dawa gani, mzee wangu?"

"Ya sukari. Uliyotangaza."

Kijana wa kitanda cha juu, anayekwenda Kaliua, alisema na yeye ameisikia, ilirushwa kwenye kikundi chao cha WhatsApp. Akaitafuta, akanipa simu.

Ilikuwa sauti yangu. Nasema hivyo kwa sababu mwili wangu uliitambua kabla ya akili. Ilitaja jina langu, ikaanza na "mpendwa msikilizaji" kama ninavyoanza kila usiku, ikapanda na kushuka pale pale ninapopanda na kushuka. Ikasema kuna dawa ya mitishamba inayomaliza kisukari kwa siku thelathini, na kwamba anayeinywa aache vidonge vya hospitali kwa kuwa vinapingana nayo. Mwishoni ikatoa namba ya kutuma pesa.

Niliisikiliza mara nne. Mara ya nne ndipo nilipogundua kinachokosekana. Mimi nikikaribia sentensi ndefu huvuta pumzi kwa pua, na fundi mitambo wetu hunigombeza kwa hilo mpaka leo. Ile sauti ilisema sentensi ya maneno kama arobaini bila kuvuta pumzi hata mara moja.

Nilimweleza mzee kwamba hayo maneno si yangu. Kwamba akili mnemba ikipewa rekodi fupi tu ya mtu inaweza kuiga sauti yake na kuitamkisha lolote, na mimi rekodi zangu ni za miaka, ziko kila mahali, za kuchukua ni nyingi kuliko za kuficha. Alinisikiliza kwa heshima. Kisha akauliza, "Sasa hiyo sauti ni ya nani?"

Sikuwa na jibu zuri. Nilimuuliza vidonge vyake ameacha lini. Wiki tatu, alisema. Miguu inamwaka moto usiku, kiu haikatiki, lakini alidhani ndiyo dawa inafanya kazi. Chupa ya maji ya lita moja na nusu aliyoinunua Dodoma ilikuwa tayari tupu.

Kilichoniuma zaidi ni sababu yake ya kuamini. Mwaka 1973 alikuwa kijana, na kijijini kwao kulikuwa na kikundi cha kusikiliza redio cha kampeni ya Mtu ni Afya. Nchi nzima watu wapatao milioni mbili walikaa kwenye vikundi vya namna hiyo, wiki baada ya wiki: kipindi kikiisha, kiongozi anasoma kijitabu, watu wanajadiliana, kisha wanakwenda kufanya. "Redio ikasema chimbeni vyoo, tukachimba," alisema. "Changu cha kwanza kilibomoka na mvua. Nikachimba cha pili. Ikasema chemsheni maji, mama watoto akachemsha. Wanangu saba, sikuzika hata mmoja kwa kuhara. Sasa redio ikiniambia habari ya dawa, mimi nani nibishe?"

Sikulala. Treni ilikuwa inapanda mlima wa Saranda polepole, nikihesabu viungio vya reli, nikifikiri kwamba yule mtu mmoja niliyekuwa namtafuta jana nimempata, na nimempata akiwa mgonjwa kwa sababu ya kuniamini.

Jumatano. Itigi hadi Tabora

Itigi kulipambazuka. Wauza asali wamejaa chini ya madirisha, chupa juu juu, harufu ya nta na moshi ikaingia mpaka chumbani. Mtandao ulipokaa sawa nikampigia mhariri wangu. Alikuwa ameshaisikia klipu hiyo. Kumbe ilikuwa na siku kadhaa ikizunguka. Tukakubaliana kwamba usiku huu huu kituo kitakanusha, na taarifa itapelekwa kwa wanaohusika na makosa ya mitandaoni.

Mzee nilimwomba mambo mawili: asiguse ile chupa tena, na kesho asubuhi na mapema aende kliniki akapimwe, awaeleze ukweli wote wa zile wiki tatu. Aliahidi, kwa adabu ile ya watu wa umri wake inayofanya usijue kama amekubali au amekuheshimu tu. Nikachukua namba ya mjukuu wake anayeishi naye, nikampigia kijana mwenyewe tukiwa Malongwe, nikamweleza yote. Kijana alinyamaza muda mrefu. Yeye ndiye aliyemchezea babu ile klipu.

Tabora nilishuka, mzee akaendelea. Nilibaki jukwaani mpaka behewa la mwisho likapotea.

Saa mbili usiku, kwenye nyumba ya wageni karibu na stesheni, nikaiwasha redio ya baba. Mwenzangu wa zamu alisoma kanusho vizuri kabisa, bila kubabaika. Saa mbili na dakika ishirini simu ikaita. Mjukuu. "Babu amesikia, lakini anasema aliyetangaza dawa ni wewe, na aliyekanusha ni mtu mwingine."

Alhamisi. Kwihara

Leo ilikuwa siku ya kungoja treni, nikachukua bodaboda hadi Kwihara, nje kidogo ya mji, kwenye tembe alilokaa David Livingstone, yule mmisionari Mskoti, mwaka 1872. Nilidhani nitakwenda kutazama kuta nyekundu na mlango wa kuchonga, nirudi kula. Nilikaa saa tatu. Kila kitu pale kilikuwa kinanirudisha kwenye ile klipu.

Mwishoni mwa mwaka 1866, wapagazi kutoka Anjouan waliokuwa wamemtoroka Livingstone walifika Zanzibar wakasema ameuawa. Waliieleza habari ya kifo chake kwa utulivu, wakaaminiwa, walimwengu wakaomboleza. Lakini wapo waliotia shaka. Mwaka 1867 Edward Young akatumwa na boti hadi Ziwa Nyasa kwenda kuuliza watu mmoja mmoja njiani, na wenyeji wakamwambia: mtu huyo alipita hapa akiwa mzima, akaenda kule. Habari ya uongo ilisafiri kwa miguu ya watu wachache. Kuisahihisha kulihitaji boti na msafara. Uwiano huo sidhani kama umebadilika sana.

Stanley naye alikuwa mwandishi wa gazeti, wa New York Herald. Watu humtaja kama mpelelezi wa nchi tu, lakini kwangu mimi ni mwanahabari aliyetumwa kufuata habari. Alikwama hapa hapa Tabora mwaka 1871 kwa sababu Mtemi Mirambo alikuwa na vita na Waarabu na amefunga njia ya kwenda Ujiji. Makao ya Mirambo ndiyo hiyo Urambo anakokaa mzee wangu. Stanley akazunguka kusini, akafika, akamwona Livingstone. Mwaka uliofuata alipofika Ulaya na barua na shajara za Livingstone mkononi, wako Waingereza waliosema ni za kughushi. Kilichomaliza ubishi si ufasaha wa Stanley. Mtoto wa Livingstone alithibitisha kwamba mwandiko ule ni wa baba yake.

Na Livingstone alipokufa kweli, mwaka 1873, watumishi wake Chuma na Susi na wenzao waliubeba mwili wake wakapita nao hapa. Waliambiwa wamzike huku huku, wakakataa, wakaufikisha Bagamoyo Februari 1874. London walimtambua kwa mfupa wa mkono aliowahi kuvunjwa na simba.

Mwandiko. Mfupa. Mimi nitamwonyesha nini mzee wa Urambo?

Nilikuwa nimekaa kwenye kizingiti, mwembe juu, watoto wanapita na madumu. Tangu zamani watangazaji tulikuwa na alama zetu. RTD ilikuwa na mlio wa ngoma kabla ya taarifa ya habari, na hata mtoto aliyelala aliposikia ngoma ile alijua wakubwa sasa hawataki kelele. Siku hizi mlio wowote unanakiliwa. Nikampigia mhariri tena: naomba Jumapili niingie hewani kwa simu, mimi mwenyewe. Alisema niko likizo. Nikamwambia ndiyo, najua.

Ijumaa. Njiani

Treni imeondoka Tabora jioni. Nilimpigia mjukuu kwamba tutapita Urambo usiku, akasema atakuja.

Alikuja na tochi ya simu, anakimbia sambamba na mabehewa akiita jina langu, treni haijasimama sawasawa. Kijana wa miaka kumi na tisa hivi, ana macho ya babu yake. Alisema maneno harakaharaka maana hapo hatukai: walikwenda kliniki jana, kipimo cha sukari kikasoma 19, juu sana, babu akawekewa maji mchana kutwa, wamemrudishia vidonge vyake, ana miadi wiki ijayo. Miguu bado inamwaka. Akanipitishia dirishani chupa ya asali iliyofungwa kwa gazeti. "Babu ametuma hii. Na amesema ukiongea Jumapili utaje kitu mlichoongea ndani ya treni, kitu ambacho hakijawahi kuwa redioni. Hapo atajua."

Mzee ambaye hajui akili mnemba ni kitu gani alikuwa amefikiria jambo ambalo sisi, kwenye vikao vyetu vyote vya chumba cha habari kuhusu sauti bandia, hatukulifikiria. Nilitaka kumwambia kijana hivyo lakini treni ilikuwa imeshang'oka.

Jumamosi. Malagarasi, Uvinza, Kigoma

Kabla ya alfajiri, mahali fulani baada ya Nguruka, simu ilipoteza mtandao kabisa. Nikaiwasha redio ya baba. Nilisikia Kirundi, kisha Kifaransa, kisha Kiswahili kikija na kupotea, mwanamke anasoma bei za sokoni na kusema leo ni "siku ya posho". Mama mmoja mfanyabiashara wa vitenge, mwenyeji wa Kalemie, Kongo, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, alicheka kwa furaha kwenye ujia wa behewa: hiyo ndiyo Jumamosi ya kwetu, alisema, siku ambayo zamani wafanyakazi walipewa posho yao ya wiki. Jumatatu kwao ni siku ya kwanza. Nimesoma taarifa kwa Kiswahili zaidi ya miaka ishirini na sijawahi kulitamka neno hilo hewani, ingawa watu wengi tu ng'ambo ya ziwa wanahesabu wiki yao hivyo.

Mama huyo aliniambia jambo jingine. Wakati wa vita alikuwa mkimbizi upande huu, na kaka yake alimpata kwa redio. Aliitaja Radio Kwizera ya Ngara, iliyoanzishwa mwaka 1995 kwa ajili ya wakimbizi. Majina yalisomwa: fulani mwana wa fulani, wa kijiji fulani, anamtafuta dada yake. Dada akasikia. Nikamuuliza alijuaje kwamba ni kaka yake kweli na si mtu mwenye jina kama lake. "Alitaja jina la mbuzi wetu," alisema.

Nililiandika hilo kwenye daftari, nikalipigia mstari.

Uvinza chumvi, watu wameshusha na kupakia viroba. Mchana tukaingia Kigoma, stesheni ile ya Wajerumani juu ya ziwa. Reli yao ilifika hapa mwaka 1914. Maji yalikuwa ya buluu nzito. Harufu ya dagaa ilitupokea kabla ya wenyeji.

Jumapili. Ujiji

Mama mkubwa amenipikia mgebuka kwa mawese na ugali wa muhogo, na kila nikipumzisha mkono ananiuliza kama nimeugua. Asubuhi nilikwenda kwenye mnara wa ukumbusho wa Livingstone, chini ya miembe. Sikukaa. Nilikuwa na kazi ya kuandika.

Nimezoea kuandika habari ya dakika mbili kwa dakika kumi. Hii ilinichukua alasiri nzima, na ikawa na mistari tisa.

Saa moja na nusu niliingia chumba cha ndani, nikaegemeza magodoro mawili ukutani kuua mwangwi, nikazima feni. Mama mkubwa alikuwa anakausha samaki uani. Moshi ulipenya chini ya mlango lakini sikuwa na moyo wa kumwambia aondoe jiko. Fundi mitambo akanipigia, tukajaribu laini. "Usivute pumzi kwa pua," akasema, kama kawaida yake. Nikamwambia leo nitavuta.

Mwenzangu studioni akanitambulisha. Nikasema jina langu. Nikasema kuna sauti inayofanana na yangu inayouza dawa ya kisukari, na kwamba sijawahi kutangaza dawa hiyo wala nyingine yoyote. Nikasema kama kuna aliyeacha vidonge vyake vya hospitali kwa kudhani amenisikia mimi, namwomba radhi kwa sauti yangu kutumika kumdhuru, na namsihi asubuhi arudi kliniki, awaambie ukweli, hatagombezwa. Moshi ukanipanda kooni. Nikakohoa, hewani, mara mbili, jambo ambalo kwa miaka 22 nimejizuia hata kwa kujifinya.

Kisha nikasoma mstari wa mwisho: "Na wewe mzee wangu tuliyesafiri chumba kimoja, ni mimi. Choo cha kwanza kilibomoka na mvua, ukachimba cha pili."

Studioni walinyamaza sekunde mbili. Kwenye redio sekunde mbili ni nyingi. Mwenzangu akashukuru, akaendelea na michezo.

Nilikaa gizani kati ya magodoro, simu kiganjani. Saa mbili na dakika arobaini ujumbe wa mjukuu ukaingia: "Babu amesikia. Anauliza kwa nini unakohoa." Kabla sijajibu ukaja wa pili: "Anasema unywe ile asali."

Nimeifungua chupa sasa hivi.